Kuvunja na Kutendua: Vinanda Vikuukuu, Pembe za Ndovu na Msamiati wa Kuokoa Nyenzo

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hutumika kumliwaza aliyepatwa na hasara, lakini ndani yake mna swali la kikazi ambalo aghalabu haliulizwi: koleo lenyewe, baada ya kuvunjika, lilikwenda wapi? Kwa mhunzi, chuma hakitupwi. Hurudishwa motoni, kikafuliwa upya, kikawa kisu, shoka au jembe.

Mhadhara huu unalihamisha swali hilo kutoka kwa mhunzi na kulipeleka kwenye ala za muziki zilizokwisha kazi. Ala inayochunguzwa zaidi ni kinanda kikubwa cha Kizungu, yaani piano, pale kinapokosa mnunuzi, kikakosa hata wa kupewa bure, na hatimaye kikafunguliwa ili mbao, vyuma na pembe zake zitumike tena. Huenda msikilizaji akajiuliza ni kwa nini jambo hili liletwe mbele ya wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ni mbili. Kwanza, sehemu moja ya kinanda hicho ilitoka katika nchi ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara na biashara. Pili, Kiswahili kina njia ya kisarufi, nayo ni kauli ya kutendua, inayotenganisha kwa uwazi kazi mbili ambazo ni rahisi kuchanganywa: kukivunja kitu na kukitendua.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nyenzo huokoka pale tu inapotolewa pamoja na habari zake. Ikitolewa bila habari hizo, kilichopatikana ni kipande tu, na wakati mwingine ni kipande cha hatari.

2.0 Kauli ya kutendua na kazi ya fundi

Kauli ya kutendua huundwa kwa kiambishi -u-, au -o- pale ambapo mzizi una irabu hiyo, na maana yake ni kuirudisha nyuma kazi iliyokwisha kutendwa. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichopachikwa hupachuliwa, kilichochomekwa huchomolewa, kilichofumwa hufumuliwa, paa lililoezekwa huezuliwa. Katika kila jozi, kitenzi cha pili hubeba kumbukumbu ya kile cha kwanza. Hakuna awezaye kubandua kitu ambacho hakikubandikwa. Kwa hiyo msemaji anayetumia kitenzi cha kutendua hukiri, atake asitake, kwamba palikuwapo mtu kabla yake aliyeifanya kazi ile kwa mkono wake.

Kitenzi vunja hakina tabia hiyo. Anayevunja halazimiki kujua kitu kiliundwaje. Vitenzi pasua na bomoa navyo, japokuwa vina sauti ya kutendua mwishoni, havina jozi iliyo hai katika Kiswahili cha leo. Hutaja uharibifu tu bila kukumbusha uundaji. Tofauti hii ya kisarufi ndiyo tofauti iliyopo kiwandani. Fundi anayefungua, kubandua na kupachua hupata nyenzo. Anayevunja na kupasua hupata kuni na vyuma chakavu.

Mafundi wa ngoma wa Afrika Mashariki wanaijua tofauti hiyo tangu zamani. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini kinachopasuka ni ngozi. Ngozi huwambuliwa, mzinga ukabaki, kisha ngozi mpya ikawambwa juu ya mzinga uleule. Jozi wamba na wambua imehifadhi utaratibu mzima wa ukarabati katika maneno mawili. Mzinga mmoja waweza kuzika ngozi nyingi.

Hata hivyo kauli hii ina onyo lake. Jozi umba na umbua haina maana ya kukirudisha kilichoumbwa katika hali yake ya awali. Kuumbua ni kuharibu sura na kufedhehesha. Lugha yenyewe inakumbusha kwamba si kila kutendua ni kuokoa.

3.0 Kinanda kisichotakiwa

Mwaka 1909 viwanda vya Marekani peke yake vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Kinanda kilikuwa fahari ya sebule, na msichana aliyejua kukipiga alihesabiwa kuwa amelelewa vyema. Baadaye zilikuja santuri, redio na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, na baadaye zaidi vinanda vya umeme vinavyobebeka kwa mkono mmoja. Vinanda vilivyoundwa enzi ile vimezeeka pamoja. Ubao unaoshika vigingi vya nyuzi hukauka na kupasuka, hata nyuzi zisikae katika sauti zake. Gharama ya kukikarabati kinanda cha kawaida mara nyingi huzidi bei yake, na uzito wake, ambao kwa kinanda cha wima ni kilo mia mbili au zaidi, humfanya mwenyewe alipe ili kiondolewe nyumbani.

Anayekifungua hukutana na mwili wenye viungo vingi. Ndani mna fremu ya chuma cha kalibu na nyuzi zipatazo 230, ambazo kwa jumla huvuta kwa nguvu inayoweza kufikia tani 20. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kulegeza. Nyuzi hulegezwa kidogo kidogo, kwa mizunguko kadhaa, pande zote za fremu. Anayezikata kwa koleo zikiwa zimekazwa huhatarisha macho yake na fremu yenyewe, maana chuma cha kalibu ni kigumu lakini hupasuka. Nyuzi za sauti nene zimezungushiwa waya wa shaba, na shaba hiyo ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nyuma ya nyuzi mna ubao wa mlio, mwembamba na mpana, ambao kwa kawaida umetokana na mti wa jamii ya misonobari. Ubao huo, uliokauka kwa miaka mia moja, hutafutwa na waundaji wa magitaa. Nyundo zake ni za mbao zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa. Ndani ya vibao vya kupigia huwamo vipande vya madini ya risasi vilivyotiwa ili kusawazisha uzito. Risasi ni sumu, na haifai kuyeyushwa kwenye jiko la nyumbani wala kuachwa mikononi mwa watoto.

Vibao hivyo kwa kawaida ni 88, yaani 52 vyeupe na 36 vyeusi, ingawa vinanda vingi vya zamani vina 85. Kila kimoja kimegongwa namba yake kwenye ubao. Vyeusi huwa vya mti mweusi mgumu au vya mbao iliyotiwa rangi. Vyeupe, katika vinanda vingi vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, vimebandikwa mabamba ya pembe za ndovu.

4.0 Safari ya pembe

Bamba la pembe lina unene unaokaribia milimita moja. Kwa kawaida kila kibao kina mabamba mawili, moja pana la mbele na moja jembamba la nyuma linalopita kati ya vibao vyeusi, na mahali yanapokutana huonekana mstari mwembamba. Mstari huo, pamoja na nyuzinyuzi za asili zinazoonekana kwenye mwanga, humsaidia fundi kutofautisha pembe na plastiki. Pembe za kinanda kizima hazifiki kilo moja.

Kilo hiyo isiyotimia ilitoka mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said na Marekani waliwekeana mkataba wa biashara, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani alifika Unguja. Wafanyabiashara wa Salem walileta kitambaa cha pamba ambacho wenyeji walikiita merikani, na neno hilo limekaa katika kamusi za Kiswahili hadi leo. Walichokitafuta, pamoja na bidhaa nyingine, kilikuwa pembe. Pembe za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa ulaini wake. Zilikatika vizuri na hazikupasuka upesi. Zilipelekwa katika jimbo la Connecticut, kwenye viwanda vya Pratt, Read mjini Deep River na vya Comstock, Cheney katika mji uliopewa jina la Ivoryton, maana yake mji wa pembe. Huko zilipasuliwa kuwa mabamba, yakaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hadi yakawa meupe, kisha yakagandishwa kwenye vibao. Hivyo biashara moja iliacha alama katika lugha mbili: Kiswahili kilipata jina la nguo, Connecticut ikapata jina la mji.

Kati ya bara na Unguja palikuwa na njia ya miguu. Njia ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mzigo ulikwenda begani. Kiswahili kilizalisha msamiati kamili wa kazi hiyo: msafara, mpagazi, kirangozi aliyetangulia, frasila ya takriban kilo 16 iliyokuwa kipimo, na kalasha, yaani pembe ndogo. Wamo wapagazi waliokwenda kwa ujira, hasa Wanyamwezi, ambao sifa yao ya upagazi ilifahamika pwani nzima. Wamo pia waliokwenda kwa kulazimishwa, na misafara ya pembe mara nyingi iliandamana na biashara ya watumwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip na aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na pembe hutajwa humo kama ilivyo kawaida ya mfanyabiashara kuitaja bidhaa yake. Wapagazi wengi hawakuacha maandishi. Kilichobaki cha kazi yao ni mzigo waliobeba, na sehemu ya mzigo huo leo imo katika vinanda vinavyotupwa.

5.0 Bamba likibanduliwa

Fundi anayetaka kubandua pembe hutumia joto na unyevu kidogo ili gundi ya kale ilainike, kisha huingiza kisu chembamba polepole. Unyevu ukizidi, pembe hujikunja. Mkarabati wa vinanda huweka akiba ya mabamba hayo, kwa kuwa kinanda kilichopoteza bamba moja huhitaji jingine lenye upana, rangi na nyuzinyuzi zinazofanana. Hii ndiyo njia ya zamani, na ni njia yenye adabu: pembe ya ala moja huiponya ala nyingine.

Tatizo huanza pale bamba linapoachana na kibao. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulimpandisha ndovu wa Afrika katika daraja la juu kabisa la ulinzi. Tanzania na Kenya zilikuwa mstari wa mbele kudai hatua hiyo, na Julai mwaka huohuo Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani. Biashara ya kimataifa ikafungwa tangu mwaka 1990. Marekani ilikaza kanuni zake mwaka 2016. Ilizisamehe baadhi ya bidhaa kuukuu zenye pembe isiyozidi gramu 200, kwa masharti kadhaa, na mojawapo ni kwamba pembe iwe sehemu iliyoshikamana na kitu kikubwa zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, iliziruhusu ala za muziki za kabla ya 1975 zenye pembe chini ya asilimia 20, mradi ziandikishwe.

Masharti haya yana fundisho kubwa kuliko sheria zenyewe. Bamba lililo kwenye kinanda lina ushahidi: namba ya kinanda imo kwenye fremu, jina la mtengenezaji limo, namba ya kibao imo. Likibanduliwa na kutiwa kwenye mfuko pamoja na mengine, ushahidi wote hutoweka. Huwa pembe tu, na pembe ya ndovu aliyeuawa mwaka 1880 haitofautiani kwa macho na ya ndovu aliyeuawa juzi. Maabara huweza kuzitofautisha kwa kupima kaboni, lakini fundi wa mtaani hana maabara. Mfuko wa mabamba yasiyo na asili ni pazia zuri kwa mwenye pembe mpya.

Hapa zinakutana rai mbili zenye uzito. Ya kwanza inasema kwamba kuitumia tena pembe, hata ya zamani, ni kuitukuza na kuifanya itamanike. Ya pili inasema kwamba kuitupa jaani ni kumwua ndovu mara ya pili na kuidharau kazi ya aliyeibeba. Mhadhara huu hauoni kwamba rai moja inaifuta nyingine. Zote mbili zinaweza kutimizwa kwa kanuni moja: pembe irudi kwenye mlio, au ibaki kwenye kibao chake kama ushahidi. Mahali sheria inaporuhusu, seti nzima ya vibao, ikiwa na namba zake, picha zake na namba ya kinanda ilimotoka, imwendee mkarabati wa ala za kale. Asipopatikana, iende kwenye makumbusho au chuo. Isigeuzwe kipuli wala mpini wa kisu. Kufanya hivyo ndiko kuumbua.

6.0 Mpingo: mfano wa kulinganisha

Si kila nyenzo ya Afrika Mashariki iliyomo katika ala kuukuu ina matatizo hayo. Klarineti na obo nyingi huundwa kwa mpingo, mti unaoota Tanzania, Msumbiji na kwingineko barani, na ambao mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini. Klarineti iliyopasuka mwili haiponi kwa urahisi, lakini pete zake hupachuliwa, vyuma vyake huhamishiwa ala nyingine, na mbao zake hukatwa kuwa vitu vidogo. Ni vidogo kwa lazima, maana mwili wa ala ni bomba lenye kuta nyembamba.

Jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa chini ya uangalizi wa CITES mwanzoni mwa mwaka 2017, na mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa katika sharti la vibali. Mpingo ni mti unaoweza kuvunwa kwa mpango. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyosimamia misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Nchini Ufaransa, kampuni ya Buffet Crampon imekuwa tangu miaka ya 1990 ikiunda klarineti kwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi na nyuzi za kaboni. Hapo hata vumbi la kiwandani huwa ala.

Tofauti ya mpingo na pembe, basi, iko katika kile kinachoweza kurudi. Msitu ukitunzwa, mti mwingine huota, japo kwa miongo mingi. Ndovu aliyeuawa hana kutenduliwa. Kitenzi ua hakina jozi ya namna hiyo. Ndiyo maana kumbukumbu inadaiwa zaidi kwa pembe kuliko kwa mpingo.

7.0 Suala la istilahi

Msamiati wa Kiswahili kuhusu pembe ni mpana kwenye chanzo na mfinyu kwenye mwisho. Neno pembe lenyewe linataja kitu cha mnyama na ala ipulizwayo. Mbiu ni pembe ya nyati inayopigwa ili watu wakusanyike. Siwa ya Pate, iliyoundwa kwa pembe za ndovu, ni miongoni mwa ala zinazoheshimiwa kuliko zote katika historia ya pwani. Lakini neno kinanda limetwishwa mzigo mkubwa: laweza kuwa ala ya nyuzi ya pwani, piano, au hata mashine ya santuri. Sehemu za ndani za piano hazina istilahi zilizotulia.

Mhadhara huu umetumia kibao kwa ubao unaopigwa kwa kidole, bamba kwa pembe iliyo juu yake, ubao wa mlio kwa ule unaokuza sauti, na kigingi kwa kile kinachokaza uzi. Maneno haya yote yalikuwapo tayari katika useremala na katika ala za pwani, hakuna lililobuniwa. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa istilahi ni kwenda kwa mafundi wa udi na ngoma, maseremala na wanunuzi wa vyuma chakavu, na kuandika vitenzi wanavyotumia wanapofungua kitu. Huko ndiko kauli ya kutendua inakoishi. Vitabu vya sarufi huipa ukurasa mmoja au miwili. Kiwandani hutumika kutwa.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba kukiokoa kitu si sawa na kukivunja, na kwamba Kiswahili kinaitaja tofauti hiyo katika umbo la kitenzi. Anayebandua hukumbuka kilichobandikwa. Kinanda kinachofunguliwa kwa utaratibu huo huwarudishia mafundi mbao, shaba na vyuma, na huirudishia historia ushahidi ambao haukuandikwa popote pengine. Kinachovunjwa kwa shoka hupoteza vyote viwili kwa saa moja.

Mpango wa kuandikisha asili ya mabamba ya pembe kabla ya vinanda kutupwa hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji daftari, kamera na mtu anayejua kwamba namba iliyogongwa kwenye kibao ina maana. Unahitaji pia wasomi wa Kiswahili, kwa kuwa nusu ya habari za pembe hizo imo katika lugha hii: katika kumbukumbu za wafanyabiashara, katika majina ya vipimo na katika masimulizi ya miji ya njiani.

Jozi moja ya kutendua haijatajwa bado. Anayebebeshwa mzigo hutwikwa. Anayeondolewa mzigo hutuliwa. Pembe zilizotwikwa wapagazi wa Tabora na Ujiji zilivuka bahari na kufika kwenye sebule za watu wasiowajua, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyetaja nani alizibeba. Kuandika zilikotoka, kabla bamba halijaachana na kibao chake, ni njia mojawapo iliyobaki ya kumtua mpagazi yule.